Kibali cha Kuunganisha Mawazo

Wananchi wa Ilongero mnatangaziwa kwamba kila mtu ana uhuru kamili wa kuwaza, mradi awaze jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayetaka kuunganisha mawazo mawili au zaidi aombe kwanza kibali ofisini kwangu, kwa mtendaji wa kijiji.

Hatua hii ni ya kitaalamu. Semina ilitufundisha kwamba akili hujenga wazo zito kwa kushikamanisha mepesi, na ushahidi tunao. Pampu ya kisima cha kijiji imetoweka. Hilo ni wazo jepesi, halimuumizi mtu. Nyanya zangu zimestawi katikati ya kiangazi. Nalo ni jepesi. Lakini watu wasio na kazi wakayaunganisha!

Editha alikuja ofisini analia. "Bosi, ndama wangu wamekufa kwa kiu. Sasa hawa watoto nao watakunywa nini?"

"Ndama, kiu, watoto. Mama, hayo ni mawazo matatu. Rudi na moja."

Aliondoka akisonya. Nilimhurumia, maana kichwa chake kilikuwa kimejaa kupita kiasi.

Mara tukapata taarifa ya mgeni kutoka mkoani. Kwa ukarimu wangu niliruhusu wananchi watatu wazungumze mbele yake, neno moja kila mtu, nami nilikague kwanza. Mzee Mughwai aliomba kusema "bia". Kwa umri wake nilimwelewa. Yasinta, aliyewahi kupika hotelini Tanga, akaomba "tui". Huku kwetu nazi haioti, lakini kutamani si kosa. Editha, ambaye ni mjane, akaomba "mme". Nikagonga muhuri huku nacheka.

Niliwapanga mwenyewe kwa itifaki: familia kwanza, kisha chakula, kisha kinywaji.

Siku ikafika. Mgeni aliketi, nikatoa ishara.

"Mme!" akasema Editha.

"Tui!" akasema Yasinta.

"Bia!" akamalizia Mzee Mughwai.

Mgeni akakunja uso. "Sijaelewa. Hebu rudieni, haraka kidogo."

Wakarudia bila kupumua, na uwanja mzima ukadakia: "Mmetuibia! Mmetuibia!"

"Nani kaidhinisha maneno haya?"

"Bosi huyu hapa," Editha akasema. "Hata kutupanga katupanga yeye."

Mgeni alinitazama, kisha akatazama ng'ambo ya uzio wa bustani yangu kando ya uwanja, ambako pampu ilikuwa inanguruma na nyanya zinakunywa. Askari wake akashuka garini.

Pampu, nikawaza. Pingu, nikawaza. Mawazo mawili mepesi kabisa, na yakaungana bila kibali.