Nyusi za Daktari na Ua la Petali Nane

Jumatatu, Machi 18
Theluji imeachia upande wa jua. Nimepanda msituni mapema, jirani yangu Mamasoli akiwa bado amelala. Mke wangu Hanifa nilimwambia naenda kukagua uzio. Akauliza uzio gani, maana hatuna. Nikavaa kofia, nikatoka.

Nimeliona! Chini ya mti wa kokwa za jozi uliopigwa radi, ukingoni mwa theluji. Boychechak, ua la kwanza la mwaka, jeupe lenye koo la njano. Machipukizi mengine yanaanza tu kupasuka, nayo yana petali sita kama kawaida. Hili lina nane. Nimehesabu mara tatu, nimelala kifudifudi kwenye tope.

Daktari Aynura, mtaalamu wa mimea kutoka mjini, anakuja Ijumaa kama kila mwaka. Mwaka jana Mamasoli alimpelekea konokono ambaye gamba lake limejikunja kushoto badala ya kulia. Sasa konokono huyo anakaa kwenye kabati la kioo pale nyumba ya chai, na kadi chini yake: Aligunduliwa na Mamasoli. Kila nikinywa chai wananitazama. Konokono na Mamasoli, wote wawili.

Nasema kweli, naumia. Wanangu wako Urusi. Msitu ni wa serikali. Hata jogoo wangu watu humwita jogoo wa Hanifa. Nataka kitu kimoja tu duniani kiitwe kwa jina langu. Ua la Shokirali. Linasikika vizuri.

Jambo la ajabu. Nilipokuwa pale chini, wingu lilifunika jua na ua likajifunga taratibu. Ndani alikuwamo nyuki mdogo mweusi. Hakutoka. Amenaswa, au amelala? Nikangoja. Jua liliporudi ua lilifunguka, naye akanyoosha miguu, akajipangusa uso, akaruka zake. Kumbe nyuki hulala nje ya nyumba! Nilisahau kabisa chakula cha mchana.

Jumanne, Machi 19
Swali limeninyima raha. Je, nyuki yule hurudi ua lilelile, au huingia popote usiku unapomkuta? Nyuki wote wanafanana.

Nimechukua bakuli la usma la Hanifa, yale majani wanawake wanayokamua maji ya kujipaka nyusi. Jioni nikamkuta nyuki anaingia kulala. Nikamgusa mgongoni kwa ncha ya unyasi. Doa moja la kijani. Hakukasirika.

Njiani nimekutana na Mamasoli na kikapu, eti anatafuta vitunguu pori. Akaniuliza, "Kaka Shokirali, uzio unaendeleaje?" Hanifa hana siri. Nyumbani nilimkuta anamtukana paka kwa sababu ya bakuli. Nikamtetea paka kidogo.

Jumatano, Machi 20
Jua limegusa ua, ua limefunguka, na aliyetoka ana doa la kijani. Ni yuleyule! Kitanda kilekile! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Amelijuaje? Kwa harufu? Kwa petali nane? Au analikumbuka gogo lililo karibu? Nililisogeza gogo nione jioni atafanya nini.

Hapo nikasikia kikohozi cha Mamasoli kwenye njia. Sikuwa na la kufanya. Nililichuma ua, nikalificha ndani ya kofia yangu. Mpango safi kabisa.

Darajani nikakutana na Bibi Sanobar, mkongwe wa mtaa wetu. Akataka kunibariki. Nikainama. Akanipapasa kichwa, kofia ikaanguka, na ua likaanguka nayo.

Machozi yakamlengalenga. Hapa kwetu ua la kwanza si la mtu mmoja. Analishika huyu, analigusisha machoni, anamshukuru Mungu kwa kumfikisha majira haya, kisha anampa mwenzake. Kumnyima mtu ni kama kumwombea asifike. Lilitoka kwa Bibi Sanobar likaenda kwa wakwe zake, kwa mwokaji, kwa shule nzima. Nilikuwa nalifuata nyuma, namwomba kila mtu aguse taratibu.

Wa mwisho alikuwa Mamasoli. Alilisugua machoni huku amefumba, bila haraka, kisha akanirudishia kikonyo kitupu. "Mungu akuzidishie, kaka. Umetukumbuka sote."

Kila nyumba ilinipa mkate, kama desturi ilivyo. Nimerudi na mikate hadi kidevuni. Hanifa amefurahi. Mimi sijafurahi.

Alhamisi, Machi 21
Sikukuu ya Navruzi, mwaka mpya wetu. Wote wako uani wanakoroga sumalak, uji wa ngano iliyochipua. Mimi nimejifungia zizini na boychechak la kawaida, unyoya wa kuku na usma yote iliyobaki. Petali sita, sawa. Lakini la kijani! Nani amewahi kuona la kijani? Nimelipaka mara mbili, nikaliweka kwenye bakuli la maji. Nitalala usingizi wa nyuki.

Ijumaa, Machi 22
Daktari alifika nyumba ya chai akitokea msituni, viatu vyote tope. Watu walijaa. Nikafunua bakuli. Daktari akainama. Akavaa miwani, akavua, akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Nilimtazama Mamasoli. Raha niliyoiona haielezeki.

Ila Daktari naye ni mtoto wa milima hii. Kabla ya kupima chochote alilishika ua, akaligusisha jicho la kushoto, kisha la kulia, akanong'ona dua ya bibi yake.

Alipolishusha, nyusi zake zilikuwa za kijani. Usma ikikaukia kwenye ngozi hugeuka nyeusi. Tuliitazama ikigeuka. Wa kulia ulifika karibu na sikio.

Mamasoli akamshikia sinia la chai ajitazame. "Umependeza, Daktari. Bado hina tu, tukuozeshe." Hanifa akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Kumbe paka wa watu hana kosa." Nilitamani ardhi inimeze.

Daktari alicheka hadi machozi, na machozi yakazidi kuichafua. Kisha akatoa kichupa mfukoni. Asubuhi, karibu na mti wa radi, alikuwa amemkuta na kumtia humo nyuki mwenye doa la kijani. Akamtazama nyuki, akalitazama ua, akanitazama mimi. Akauliza kama na huyu nimempaka.

Nikakiri, kichwa chini, kwamba nilitaka tu kujua kama ni yeye anayerudi.

Akaacha kucheka. Akauliza, "Na alirudi?"

Nikamweleza yote: wingu, kitanda kilekile, gogo nililosogeza. Chai yake ilipoa. Akasema huyo ni dume, hana mzinga wala kiota, ndiyo maana hulala mauani. Lakini hajui mtu wa huku aliyewahi kumfuatilia. Akaniomba niendelee hadi maua yaishe, na kwenye kabati itawekwa kadi: Usingizi wa nyuki, umechunguzwa na Shokirali. Nyuki akamwachia palepale, akatokea dirishani.

Jumamosi, Machi 23
Usingizi! Chini ya kadi yangu kutakuwa na nini? Hewa. Mamasoli angalau ana konokono. Nilikubali kwa adabu tu.

Nimepanda msituni leo. Nyuki wangu amehamia ua la jirani, maana kitanda chake nilikichuma mimi. Roho iliniuma. Nililala pale hadi adhuhuri namwangalia akiingia na kutoka. Lakini hilo ni kando.

Daktari atarudi mwezi ujao, maua ya tulipu yakichanua. Nimetafakari, na kosa halikuwa kwenye mpango. Kosa lilikuwa usma, inatoka upesi. Maganda ya jozi ndiyo dawa, yale yanayotia weusi mikono ya wachumaji msimu mzima. Nimechemsha chungu kizima. Nimejipaka kwanza kwenye nyusi zangu, nihakikishe haitoki.

Haitoki. Safari hii mpango hauna kasoro.