Wiki ya Risasi Nyembamba

Jumapili, 14 Septemba

Leo nimeweka banda langu rehani. Nilikuwa nimeshiba.

Ilikuwa hivi. Verlin, kaka wa mke wangu Ardith, alikuja kula chakula cha mchana. Kila Septemba klabu yetu ya bastola hufanya shindano la risasi za kujitengenezea nyumbani, na kila Septemba Verlin hulibeba kombe. Miaka sita mfululizo! Amekula vipande viwili vya pai ya tufaha huku akiniuliza kwa upole kama mwaka huu nitashiriki au nitasaidia kupanga viti. Damu ikanipanda. Nikasema mwaka huu nitamshinda, na nisipomshinda, banda si langu tena, Ardith alichukue aweke jemu zake.

Ardith akaweka uma chini. Akaniomba nirudie maneno yale polepole. Nikarudia. Akamwambia kaka yake umesikia, wewe ni shahidi, kisha akaenda kuandika kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu.

Sikuogopa. Ningeogopa nini? Banda lile nimelijenga kwa mikono yangu miaka ishirini na miwili iliyopita. Ndilo pahala pekee katika jimbo zima la Idaho ambapo hakuna anayeniambia niinue miguu apitishe ufagio. Silitoi ng'o. Na zaidi ya hayo, siri ya ushindi ninayo. Nimefikiri sana wakati wa ibada. Risasi zangu zimekuwa nene mno! Zinajikamua kupita kwenye mtutu, zinatoka zimechoka. Nikizifanya nyembamba zitateleza kama soseji kwenye siagi.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku njema. Nimekwenda kwa fundi wa matairi akanipa ndoo nzima ya vile vizito vya madini ya risasi wanavyobana kwenye magurudumu. Nimeviyeyusha bandani, nimemimina kwenye kalibu, nimetoa risasi mia mbili. Zinang'aa! Kisha nikaanza kuzipitisha moja moja kwenye pete mpya ya chuma niliyoagiza kwa posta. Ndiyo kazi ya pete: unaisukuma risasi kwa mkono wa mashine, inatoka upande wa pili ikiwa na unene ule ule wa pete. Hii niliyoagiza ni ya bastola nyingine, ndogo kidogo kuliko yangu. Makusudi kabisa.

Verlin kapita na kikombe chake cha kahawa. Huyu shemeji hana kwao? Akachukua risasi moja, akaitia kwenye tundu la silinda ya bastola yangu. Ikapita moja kwa moja bila kugusa pembeni, ikatumbukia kwenye kahawa yake.

Akaitazama kahawa. Akaimwaga majanini. Akaniambia shemeji, risasi ya madini haya lazima izidi mtutu kidogo, unywele mmoja tu, ili iume ile mifereji ya ndani na kuzunguka. Isipouma haizunguki, na isipozunguka inabiringika. Akauliza kama nimewahi kuupima mtutu wangu. Nikamjibu kwamba nimeupima mara nyingi.

Sijawahi kuupima. Lakini namjua Verlin. Wivu umemjaa hadi kwenye masharubu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeamua kuupima mtutu, si kwa sababu Verlin kasema.

Namna ya kupima ni rahisi. Unachukua kipande laini cha madini, unakigonga kwa nyundo kipite ndani ya mtutu mtupu, kikitoka upande wa pili kimebeba umbo la ndani, unakipima. Nilitumia kizito cha ndoano ya samaki. Kwa kukisukumia nilihitaji fimbo. Fimbo sina. Ila kulikuwa na mwiko mrefu wa Ardith, ule wa kukorogea jemu.

Mwiko umevunjikia ndani ya mtutu.

Nikajaribu kuusukuma kwa upande mwingine kwa mguu wa kiti. Sasa nina kizito, mwiko na kipande cha kiti, vyote ndani ya mtutu mmoja. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Ilibidi niende kwa Verlin, yeye ana fimbo ya shaba nyeupe ya kazi hiyo. Nikamwambia bastola ni ya rafiki yangu mmoja wa Boise, mtu mzembe sana. Verlin akaitazama bastola. Akauliza kama huyo rafiki naye anaitwa Orval, maana jina limechorwa kwenye mpini. Nikasema ndiyo, kwa bahati anaitwa hivyo hivyo.

Alivitoa vyote kwa dakika mbili, akacheka dakika kumi. Kisha akakipima kile kizito kwa maikromita yake, akaipima na risasi yangu moja. Risasi zangu zimepungua nywele mbili. Akaahidi kuniazima pete yake, yenye kipimo sahihi. Nikakataa. Nimshinde mtu kwa pete yake mwenyewe? Mimi ni mwanamume mwenye fahari zake.

Mwiko nimeurudisha mahali pake, nusu ya juu ikitazama mbele.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepata dawa! Rangi ya unga! Unaitia risasi ndani ya kopo la unga wa rangi, unatikisa, unaioka kwenye oveni, rangi inayeyuka na kuigandia. Risasi inanenepa nywele mbili hasa. Pete ya Verlin sihitaji, shukrani za Verlin sihitaji. Dukani ilikuwa imebaki rangi moja tu, ya waridi. Si neno. Risasi haina jinsia.

Watu wa klabu wote wana vioveni vyao vidogo vibovu bandani kwa kazi hii, kwa sababu oveni iliyookewa madini haipikiwi chakula tena. Mimi kioveni sina. Ardith alikuwa na mazoezi ya kwaya hadi saa kumi. Nikapanga risasi mia moja sitini kwenye trei yake kubwa ya biskuti, nikazirundika kidogo kwa sababu nafasi haikutosha, nikawasha moto.

Kwaya ilimaliza mapema. Mpiga kinanda anaumwa jino.

Ardith hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisimama mlangoni akanusa. Akafungua oveni, akauona mkate mmoja mkubwa wa rangi ya waridi, risasi mia moja sitini zilizoshikana kama ndugu. Akaniuliza kama najua kwamba Jumapili wanakuja watu wanane kula. Kisha akafungua droo kutafuta mwiko.

Nimelala kwenye kochi. Oveni iko uani inasubiri gari la taka.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku kubwa kuliko zote maishani mwangu, ukiacha ya harusi, na hata hiyo sina hakika.

Nilikwenda uwanjani na zile risasi arobaini zilizosalimika, nyembamba, bila rangi. Nikapiga tano. Matundu kwenye karatasi hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu! Risasi zilikuwa zimebiringika hewani kama Verlin alivyotabiri, zikagonga karatasi kwa ubavu. Nilitaka kulia. Banda langu. Kiti changu, redio yangu, dirisha langu dogo linalotazama mlima. Nilikuwa nimekwisha.

Bi Twila Gundersen alikuwa pale akipaka viti mafuta. Alifundisha hesabu miaka thelathini na sasa ndiye mhesabu alama wetu, na kitabu cha kanuni hakimtoki mfukoni. Nikamuuliza, kwa udadisi tu, tundu refu linahesabiwaje. Akasoma bila kuinua miwani: tundu likigusa mstari wa duara la juu zaidi, mpigaji anapata alama za duara hilo, hata kama tundu ni la ubavu.

Nikamwomba asome tena.

Tundu la duara linagusa mstari mmoja, likibahatika. Tundu refu linaweza kulala juu ya nane, tisa na kumi kwa pamoja, kama mlevi kitandani! Mimi silengi vizuri, nakiri hapa ambapo hapasomwi na mtu. Lakini sasa nalenga kwa kukadiria, risasi inanyoosha mkono na kuzifikia alama yenyewe! Kwa miaka sita Verlin amekuwa akipiga vitundu vidogo vidogo vya adabu. Maskini!

Kwa hiyo kosa langu halikuwa kuzifanya nyembamba. Kosa langu lilikuwa kutozifanya nyembamba vya kutosha. Nimerudi mbio. Nimeagiza pete nyingine? Hapana, hakuna muda. Nimezisugua kwa msasa.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimesugua. Vidole havina ngozi. Nimecheka peke yangu mara tatu.

Ardith kaingia bandani bila kubisha, akiwa na utepe wa kupimia. Akapima ukuta wa kaskazini, akaandika. Nikamwambia anapoteza muda wake. Akasema mume wangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe umeshavunjika yote mawili, unatembelea mdomo. Kisha akapima ukuta wa kusini.

Jumamosi, 20 Septemba

Risasi ishirini kila mtu, hatua ishirini na tano. Verlin kituo cha kushoto, mimi kinachofuata. Watu wapatao hamsini, supu ya maharage na nyama ya paa ikichemka nyuma yetu.

Risasi yangu ya kwanza: tundu refu, linagusa tisa. Ya pili: kumi! Ya tatu: kumi tena! Bi Twila akaitazama karatasi kwa darubini, akanitazama mimi, akafungua kitabu chake, akakifunga. Ni halali. Watu wakaanza kusogea upande wangu. Mtu mmoja akaweka bakuli lake chini. Nilihisi mwili mwepesi, nilihisi naweza kuimba! Nilimwona Ardith akikunja utepe wake.

Baada ya ile ya tano mambo yakageuka. Risasi ambayo haiushiki mtutu huuacha umepakwa madini ndani, na mtutu wangu ulikuwa umepakwa hadi mdomoni. Risasi zikaanza kwenda zinakotaka. Nililenga katikati, zikaenda kushoto. Nililenga kulia, zikaenda kushoto.

Mwisho tukaenda kuzitazama karatasi. Yangu ina matundu kumi na tatu. Ya Verlin ina ishirini na saba. Saba marefu, yamelala ndani ya duara lake la kumi kama watoto wa paka.

Kanuni ya klabu yetu inasema matundu yakizidi, mwenye karatasi anachukua ishirini yaliyo bora. Verlin mwenyewe akakataa, akasema Bi Twila, yale marefu si yangu, kila mtu anayaona yalivyo, naomba uyaondoe. Bi Twila akasema kanuni haisemi jambo hilo. Verlin kapata mia moja tisini na sita. Mimi tisini na saba.

Alama nilizompa ni sabini. Ukizihesabu kwa haki mimi ndiye niliyepiga karibu kama bingwa, ila kwenye karatasi isiyo yangu. Nimemweleza Ardith hivyo kwenye gari. Aliendesha akipiga mluzi.

Jumapili, 21 Septemba

Nimehama. Kufikia saa nne asubuhi rafu zilikuwa zimejaa jemu, chupa sitini na nne, zimeandikwa majina. Nilikaa kwenye kizingiti na sufuria yangu ya kuyeyushia mapajani. Sitaficha, machozi yalinitoka. Miaka ishirini na miwili.

Verlin akafika na gari lake la mizigo. Hakunicheka hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi. Akasema pakia takataka zako shemeji, meza yangu ni ndefu, nusu yake ni yako, na mimi nimechoka kuongea na redio. Tukapakia.

Bandani kwake akausugua mtutu wangu ukang'aa, akapitisha risasi zangu kumi, za kalibu yangu mimi, kwenye pete yake yeye. Akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye tuta la udongo, akanipa. Nikapiga. Matundu kumi ya duara, yote yanafunikwa na kifuniko cha chupa ya jemu. Mimi! Mkono huu huu!

Verlin akakunja mikono, akanisubiri niseme. Akaniuliza kwa sauti ya mwalimu wa watoto wadogo: je, umeona kilichobadilika?

Nikafikiri sana. Mtutu ni ule ule. Madini ni yale yale. Mpigaji ni mimi. Nikageuka nikatazama nyuma yangu, na ghafla kila kitu kikawa wazi. Banda! Banda la Verlin linatazama mashariki, ni kavu, lina hewa safi. Miaka sita sikushindwa na Verlin, nilishindwa na banda!

Nikampa changamoto pale pale. Mwakani, mimi na yeye, nikishinda banda hili ni langu. Verlin akafumba macho. Akauliza mimi nitaweka nini, maana banda sina tena.

Nimeweka jiko letu la nyumbani. Ardith nitamweleza oveni mpya ikishafika.