Mluzi wa Tumbili na Usingizi Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka, hata kijiko nakiona kizito. Asubuhi nasafisha vizimba vya tumbili wadogo kwenye bustani ya wanyama, mchana napigania usingizi. Mwanangu akiamka asinione, analia kama kafiwa.
Leo nimeona jambo. Mama tumbili alikuwa nyuma ya gogo. Mwanawe hamwoni, akapiga mluzi mwembamba: fiii. Mama akajibu: fiii. Mtoto akatulia. Mama hata hakuinuka! Daktari wa wanyama akasema ndivyo walivyo, wasipoonana huitana kwa zamu, na ukoo mzima huitikia. Alikuwa bado anaeleza, mimi nilishapata langu.

Jumanne, 4 Machi
Mtoto kaamka sebuleni, kaguna. Nikajibu fiii kutoka kitandani, nimelala chali. Kimya. Kumbe ulezi ni akili.

Jumatano, 5 Machi
Mtoto kaupenda mluzi. Nikijibu, anaita tena: iii. Nisipojibu, kilio. Midomo imekufa ganzi. Wifi, dada wa mume wangu tunayekaa naye, akachungulia: "Wifi, unaita mbwa?" Nikamwambia huu ni utaalamu. Akasema utaalamu wenyewe una macho mekundu.

Alhamisi, 6 Machi
Natoka kazini, nasikia fiii sebuleni. Wifi! Kampakata mwanangu, wanajibizana. Mluzi wake mtamu kuliko wangu. Mume wangu naye akachangia kutoka bafuni, ovyo kabisa, mtoto akacheka. Mimi hata sikugeukiwa. Nikanuna. Wifi akanisogezea chai, akasema, "Kesho ukirudi kalale, wifi. Huyu tutamwitikia sisi." Nikanywa chai yake, lakini kwa kununa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelala. Jamani, nimelala fofofo kama pono.
Nikazinduka, nyumba kimya. Kimya kile sikukipenda. Kaanguka? Kanisahau? Nikageukia ukutani. Nikajikaza. Nikashindwa. Nikapiga fiii, kidogo tu.
Sebuleni kukajibu: iii.
Wifi akaja naye mlangoni, mtoto macho makavu, mikono kainyoosha kwangu. Akasema ndiyo kwanza alikuwa amemlaza, na katika nyumba hii anayelia asipomwona mwenzake si mtoto. Nikampokea mwanangu. Shingo yake ina joto la usingizi. Wifi ana haki ya kusema.
Ila kosa nimelijua. Mluzi ulikuwa mkubwa. Kesho nitapiga mdogo zaidi.