Kaa wa Jezi Yetu Anakenua Meno

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Kaa Wekundu, Moree.

Egya Ampiah,

Natumaini hujambo na wa nyumbani kwako ni wazima. Ni mimi Maame Araba Essilfie, muuza samaki wakavu, kiongozi wa akina mama wanaoishangilia timu hii tangu wewe ulipokuwa ukivaa kaptula za shule. Nakuandikia kwa heshima, na kwa uchungu, kuhusu nembo mpya.

Kwanza, kaa huyu ana meno, na anayaonyesha yote. Nimeishi na kaa miaka sitini. Wamenibana vidole, wamenitobolea nyavu, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunichekea. Kaa wetu wa zamani alikuwa amenuna, magando juu, na maana yake kila mtu aliielewa: thubutu uone.

Pili, Jumapili washabiki wa Elmina walipotuona tu wakaanza: "Mama, kaa wenu anachekelea nini, au hajui supu inachemka?" Nikakosa jibu. Mimi, Araba! Waulize sokoni kama niliwahi kukosa jibu.

Tatu, dakika ya themanini beki wetu Fiifi alimgeukia kipa ampe maelekezo, macho yakatua kwenye ile nembo kifuani mwake, akaangua kicheko. Kipa naye akacheka. Tukafungwa.

Nne, mume wangu aliivaa jezi hiyo kwenye mazishi ya mjomba wake. Mjane akamtazama kifuani, akaanza kutetemeka mabega. Tulidhani analia. Wazee wa ukoo hawamsemeshi mume wangu mpaka leo.

Kwa hiyo naomba kaa afumbwe mdomo kabla ya Jumapili. Ikishindikana, wachezaji wacheze wamefunika vifua kwa mikono. Hilo nalo likishindikana, timu ijitoe kwenye ligi tupumzike na heshima yetu.

Nisalimie mkeo, kocha, wapiga ngoma wote, hata yule mwamuzi wa Jumapili ukikutana naye.

Mimi mwenye timu kuliko wenye timu,
Maame Araba Essilfie

N.B. Mchoraji wa nembo, Mwalimu Ekow Bentsil, amepita sasa hivi kununua samaki. Nimemsomea barua yote. Akatoa picha ya zamani mkobani: uwanjani, siku tuliyopanda daraja, mwanamke kanyanyua mikono, meno yote nje. Ni mimi. "Maame," akasema, "nilitafuta sura ya furaha ya Moree, sikupata nyingine."

Egya, kaa asiguswe. Ila kaa amechorwa na pengo pembeni, kushoto, na wakati ule jino langu hilo lilikuwepo. Waambie walijaze.