Mjomba Havuti Kitu

Kijiji cha Salale. Jumatatu, 4 Rajabu 1323 (kwa Wadachi ni 4 Septemba 1905)

Gluglugluglu. Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu nina miaka saba: maji ndani ya kiko cha Mjomba Bwanaheri, nyuma ya banda la mpunga, nami ndani nakariri Juzuu Amma. Hakuna aliyeitaja kamwe. Mjomba ndiye muadhini wetu. Baba ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Nyumba ya elimu haina bangi.

Jana Mjomba alikwenda kuvutia matetini. Khamisi, mlinzi wa kijiji, akaona moshi. Akadhani ni wale wapiganaji waliokunywa dawa ya maji, wamevuka mto. Akafyatua gobori! Sasa risasi imo pajani mwa Mjomba, na paja limevimba kama mtungi. Watu wakauliza ule moshi ulikuwa wa nini. Nikasema ubani, alikuwa akiufukizia mwezi wa Rajabu. Wamekubali. Elimu ni kitu kizuri.

Jumanne, 5 Rajabu

Daktari Mdachi amefika kwa mashua. Kasema risasi isipotoka utakwenda mguu, kisha atakwenda Mjomba mwenyewe. Atamlaza kwa dawa ya usingizi, ampasue. Msaidizi wake Swalehe, mtu wa Bagamoyo mwenye kalamu sikioni, akauliza kama mgonjwa hunywa tembo au huvuta bangi. Nikajibu kabla Mjomba hajafungua mdomo: havuti kitu, hata moshi wa kuni humliza.

Mtu aitwaye Sikujua nusura aniharibie. Huyu ni mtani wetu, Mmatumbi, yuko kwetu tangu akimbie vita, na utani hakuuacha kwao. Akapaza sauti toka uani kwamba bwana huyo akikohoa popo hulewa, na siku ya kumzika tusimfukie udongo, tumfukie majani yake, atatushukuru. Vicheko! Daktari akauliza kulikoni. Kisha akili ikaja: nikamwambia Swalehe huyo ni mtani, na kazi ya mtani ni kuzua. Swalehe naye ana watani kwao. Akacheka, akafuta alichoandika. Sikujua akaapa kwa mama yake mzazi kwamba mara hii hatanii. Wakacheka zaidi.

Jumatano, 6 Rajabu

Mjomba alitetemeka tangu alfajiri. Nikamhurumia. Nikampelekea kiko mwenyewe, kidogo tu, atulie. Niliona ni hekima.

Wakamlaza juu ya meza. Nikachungulia penye upenyo wa makuti. Swalehe akadondosha dawa kwenye kitambaa, akamwambia ahesabu, wengi hawafiki ishirini. Mjomba alifika sitini, kisha akaanza kuadhini. Wakaongeza. Akapiga teke. Wakaongeza. Kisu kimeshaingia ndipo kikohozi kikamkaba. Pumzi ikakatika. Midomo ikageuka zambarau. Daktari akasema moyo unakwenda mbio mno, na hajui kwa nini.

Mimi nilijua. Niandike kweli, hakuna atakayesoma: nilisimama pale muda wa pumzi tatu nikiwaza heshima ya nyumba yetu. Pumzi tatu ambazo Mjomba hakuwa nazo. Kisha nikaingia mbio nikipiga kelele. Bangi! Miaka ishirini! Na leo asubuhi pia, nimempa mimi!

Kitambaa kikaondolewa. Swalehe akamsukuma taya mbele, wakamgeuza ubavu, mpaka akavuta hewa. Wamemfunga kidonda, risasi bado imo.

Alhamisi, 7 Rajabu

Swalehe kanikalisha kitako kama mtoto wa chuo. Mvutaji wa kila siku, kasema, dawa haimshiki upesi. Hutaka nyingi, na nyingi iko jirani na mauti. Koo lake halivumilii dawa. Akivuta siku ile ile, moyo huenda mbio. Akiamka, maumivu humzidi kuliko wenzake. Hawaulizi ili wamsengenye mtu. Tusubiri siku nne bila moshi, kama paja litatungoja.

Yule mtani, Sikujua, anamlinda Mjomba mlangoni asivute. Kanitupia neno nikipita: mwaka huu mtani kasema kweli na msomi kasema uongo, tusubiri kiama. Nilikuwa na haraka.

Jumatatu, 11 Rajabu

Risasi imetoka! Mara hii Daktari mwenyewe alishika mshipa wa mkono mwanzo mpaka mwisho. Dawa tone kwa tone. Swalehe hakubandua macho kifuani. Mjomba amelia sana alipoamka, lakini mguu ni wake.

Na uadhini hakuvuliwa. Wazee wa msikiti wamesema walijua tangu zamani, harufu humtangulia. Kumbe siri ile nimeibeba peke yangu!

Jumanne, 12 Rajabu

Shangazi Biasha ana jipu mgongoni. Daktari atalipasua kesho. Nimewaza asubuhi nzima. Mjomba aliposemwa havuti, nusura afe. Aliposemwa anavuta, alitunzwa kama sultani. Jambo liko wazi, na ajabu ni kwamba hakuna mwingine aliyeliona.

Swalehe amekuja na maswali yake, nami nimeshamjibu: Shangazi huvuta bangi asubuhi na jioni, tangu alipovunja ungo. Ameandika yote. Ameondoka akitikisa kichwa. Shangazi yuko uani anapeta mchele, hajui bado.