Daktari Waya Amtibu Mlinzi wa Mtandao

Daktari Waya hakuwa daktari, na waya aliojua ni wa kuanikia nguo. Lakini siku ile, akiwa kwa kinyozi na povu kidevuni, alisikia redioni habari iliyomfurahisha kuliko sikukuu. Ile programu ya kunasa wavamizi wa mtandao, tegemeo la kampuni nyingi mjini, ilikuwa na tundu. Mlinzi huyo hufungua kila kifurushi cha data ili akikague. Mhalifu akituma kilichotegwa, mlinzi huzimia palepale, na mwizi hupita kwa raha zake.

"Maskini mlinzi," alisema, akitabasamu. Kufa kufaana.

Kesho yake alikuwa mbele ya Mama Mkurugenzi wa kampuni ya akiba, tai imemkaba shingo. Alitaka kitu kimoja tu, nywila ya mfumo. Akiipata, akiba za wateja zingehama kabla chai haijapoa.

"Mama, mlinzi wenu mgonjwa. Nipe nywila nimtibu."

"Nitakuaminije, mwanangu?"

"Mimi? Mwezi mzima nawalinda kimyakimya, bure, kwa mapenzi tu! Haipiti data humu bila mimi kujua."

Mama alimtazama kwa upendo wa ghafla. "Maneno mazito haya, baba. Hayafai kusikiwa na mtu mmoja."

Ofisi ile ilikuwa na desturi ya kumtambulisha kila mkuu mpya mbele ya wafanyakazi wote, simu zikirekodi. Daktari Waya akavishwa beji ya Mkuu wa Usalama, akarudia maneno yake. Makofi yakamlevya, akatia chumvi: "Hata wiki iliyopita nilikuwa ndani ya mfumo, nyinyi mmelala!"

Wafanyakazi wakageukiana. Wiki iliyopita ndipo akiba zote zilipotoweka.

"Mmesikia wenyewe," Mama alisema kwa majonzi. "Afande, huyu hapa."

Askari wa upelelezi, aliyekuja kuchunguza wizi huo na alikuwa amekaa nyuma akinywa soda ya kampuni, akainuka na pingu.

"Afande, mimi tapeli tu!" Daktari Waya alilia. "Hata kompyuta sijui inawashwa wapi!"

"Wataalamu wote husema hivyo."

Hiyo ndiyo kweli ya kwanza aliyowahi kusema, na ikakosa mnunuzi.

Mama akafuta machozi, akawaambia wafanyakazi kuwa mshtuko umemzidi, anakwenda kupumzika ng'ambo. Tiketi alikuwa ameshakata, wiki iliyopita, mara tu alipomzimisha mlinzi, akapita na akiba kwa raha zake.