Hatua ya Kwanza Si Mali ya Kamati

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tamasha la Madaraja la Kiangazi.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu za heshima kutoka nyumba ya kona, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Najua kwamba wewe ni mjomba wa mume wangu, na kwamba jana tu ulikaa kwetu ukaomba kikombe cha pili cha chai. Lakini barua hii namwandikia Mwenyekiti. Mjomba namwamkia shikamoo, na akiikuta mezani namwomba asiisome, maana yaliyomo yatamkera.

Yah: KUMWONDOA MWANANGU KATIKA UFUNGUZI WA DARAJA LA MBAO

Mimi ni mama wa mtoto ambaye nyumbani tunamwita Mkurugenzi. Jina hilo kalipata kwa kazi yake. Anakaa katikati ya mkeka, ananyoosha kidole, na sisi tunaleta. Akinyooshea kijiko, kijiko kinakuja. Akimnyooshea paka wa jirani, paka naye analetwa, apende asipende. Mtoto wa namna hii, nakuuliza kwa adabu zote, atembee aende kutafuta nini?

Tamasha lenyewe sina ugomvi nalo. Bila madaraja mji huu ungekuwa miji miwili isiyosalimiana. Kila kiangazi mnayafagia, mnayapaka rangi, mnayafunga vitambaa, ngoma zinapigwa, na watu waliopishana mwaka mzima bila kutazamana wanapeana mikono pale katikati. Hata ule utaratibu wenu wa kila daraja kufunguliwa na mtoto aliyeanza kutembea karibuni, yeye avuke wa kwanza na wakubwa wafuate nyuma, nimeupenda tangu nikiwa msichana. Nilikuwa natoa machozi kabla hata sijawa na mtoto. Tatizo ni kwamba safari hii mtoto mliyemteua kwa daraja letu la mbao ni wangu, na wangu hatembei.

Anasimama kwa kushika kiti. Anakizunguka kiti. Anarudi kukaa. Basi.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Kuhusu bango. Mama mkwe wangu, ambaye ni mjumbe wa kamati yako, alisimama kikaoni akasema mjukuu wake anatembea kama askari wa gwaride. Hakuwa na nia mbaya. Kinyozi anayekaa kule kwenye daraja la juu la mto alikuwa ametoka kumsifia mwanawe, na mama mkwe si mtu wa kuiacha sifa ya mwenzake ipite hivi hivi bila kuiwekea yake juu. Nanyi hamkuja kumtazama mtoto, mliandika tu. Kesho yake akaja mpiga picha, mimi niko kazini. Sasa picha imebandikwa mji mzima, hadi kwenye mlango wa kiwanda cha mikate ninakofanya kazi: mwanangu kasimama wima, anacheka, mikono juu, na chini ya makwapa yake vimechomoza vidole vya mtu mzima, kimoja kina pete ya mama mkwe. Mpiga picha alimkata mama mkwe kichwa na kiwiliwili, akasahau vidole. Wenzangu kazini wananiuliza kama mtoto alizaliwa navyo.

2. Kuhusu mafunzo. Tangu mabango yatoke, wajumbe wanakuja kwetu kwa zamu kumfundisha mtoto. Mweka hazina, mtu mzima mwenye heshima zake na uzito wake, alipiga magoti sebuleni kwangu, biskuti mkononi, akawa anarudi kinyumenyume huku akiita, "Njoo kwa babu! Njoo, njoo, Mkurugenzi wangu!" Mtoto akamtazama. Akanyoosha kidole. Mweka hazina akamletea biskuti kwa magoti yake mwenyewe. Akarudi nyuma tena, akaita tena, akanyooshewa kidole tena, akaleta tena. Mpaka pakiti inaisha, aliyekuwa ameivuka sebule ni yeye. Kuinuka sasa ndiko kulikokuwa kazi. Mimi nilishika huku, mama mkwe kule, na hatimaye mweka hazina alisimama kwa kushika kiti, akakizunguka kiti, akarudi kukaa.

Baada yake alikuja katibu na filimbi. Baada ya katibu akaja mpiga ngoma, ambaye ana maoni kwamba miguu ya mtoto ni mizima ila haijapata mdundo. Kwa hiyo anapiga ngoma chini ya dirisha letu kila mchana, saa ile ile ninayorudi kulala. Mwenyekiti, mimi naamka watu wengine wakigeuka upande wa pili. Naenda kukanda unga ili ninyi mkiamka mkute mkate. Nikilala mchana sio uvivu. Ndio usiku wangu huo.

3. Kuhusu zoezi la darajani. Mlisema Jumamosi iliyopita mtoto apelekwe akazizoee mbao. Nilimpeleka mwenyewe ili isije ikasemwa mama ndiye anayekwamisha. Nilimshika mikono yote miwili tukaenda vizuri mpaka katikati. Hapo katikati akaona upenyo kati ya ubao na ubao, na chini yake maji yanapita. Akakaa. Akachungulia. Mtoto alikuwa hajawahi kuona kwa karibu maji yasiyo ya beseni. Nilipomwinua akalegea kama nguo iliyoloa, akanitelezea, akarudi pale pale.

Nyuma yetu akasimama mwenye mkokoteni wa nyanya. Nyuma yake baiskeli, nyuma ya baiskeli wanafunzi, na upande wa pili vilevile. Watu wakaanza kuulizana, "Kuna nini huko mbele?" "Kuna mtoto anaangalia maji." "Maji gani? Si ndiyo yale yale ya jana!" Mwenye mkokoteni akanipigia kelele: "Dada, mwambie mheshimiwa asogee, nyanya zangu zinazeeka!" Nikamjibu kwamba mheshimiwa hasikii la mtu, na kama yeye anaweza kumwambia, aje amwambie. Akaja. Akainama ili aseme naye, akaona anachokiona mtoto. Kisha akasema taratibu, "Kumbe kuna samaki." Mtu huyo amevuka daraja lile maisha yake yote ya kazi. Wakaja wa baiskeli, wakaja wanafunzi, wakalala kifudifudi, kila mmoja na upenyo wake, wanaonyeshana kwa vidole. Kwa kitambo kile daraja letu lilitumika kwa kila kitu isipokuwa kuvukia. Mimi nilichelewa, nguo za mtoto zilichafuka, na mnaniambia zoezi lirudiwe!

4. Kuhusu msaidizi. Nimesikia kwamba mtoto wa kinyozi ameteuliwa kuwa Mvukaji Msaidizi, iwapo wa kwangu atashindwa. Mtoto yule sikatai, anaweza. Hatembei tu, anakimbia. Juzi alitoroka na kitambaa cha mteja shingoni, akapatikana sokoni. Lakini Mwenyekiti, mwanangu hana hata meno ya kutosha kula muwa, na tayari kuna mtu amekaa pembeni anasubiri nafasi yake? Mama mkwe ameapa kwamba hakuna wa nyumba hii atakayekalia kiti cha kinyozi yule mpaka tamasha lipite. Matokeo yake mume wangu ana kichwa ambacho Mkurugenzi amekinyooshea kidole akidhani ni paka.

5. Hili ndilo lenyewe, na naomba ulisome polepole. Mimi natoka nyumbani mwanangu akiwa amelala. Jino lake la kwanza aliligundua mama mkwe, lilipogonga kijiko wakati wa uji. Nilipofika likaonyeshwa kwangu kama mgeni anavyoonyeshwa chumba. Neno lake la kwanza alilisikia fundi bomba. Fundi bomba, Mwenyekiti! Alikuwa amejikunja chini ya sinki, mtoto akamtambaia mpaka pale akamwambia "toka", na fundi akatoka kweli, akashikana mikono na mama mkwe wakishangilia. Nilirudi nikawakuta wawili wanasimulia kwa kupokezana, huyu akisahau yule anamkumbusha. Nilicheka nao. Kisha nikaenda jikoni nikasimama kidogo nimeshika sufuria ambayo sikuwa na kazi nayo.

Simlaumu mtu. Mama mkwe amemlea mtoto huyu kuliko nilivyomlea mimi, na mkate lazima uokwe. Ila nilijiwekea kitu kimoja tu moyoni: hatua ya kwanza nitaiona mimi. Nitakuwa nimekaa sakafuni, mikono nimeifungua, na atakuja kwangu. Sasa ninyi mnataka hatua hiyo itoke mbele ya ngoma, vitambaa na watu wanaokula karanga. Siitoi. Mengine yote chukueni.

6. Kuhusu ninachoomba. Naomba kwa unyenyekevu mwanangu aondolewe katika ufunguzi. Kama haondoleki kwa sababu mabango yamekwisha kubandikwa, basi tamasha liahirishwe mpaka atembee kwa wakati wake. Madaraja yamesimama miaka yote hiyo, hayatachoka kwa kusubiri kidogo. Kama haliahirishiki, lihamishiwe kwenye korido yetu. Ina pande mbili, inaunganisha jikoni na chumba cha kulala, na tangu fundi bomba aje, maji yanapita chini yake.

Wakati hayo yanafikiriwa, kamati ihakikishe kwamba mtoto hatembei kabisa nikiwa kazini. Najua nimetoka kulalamika kwamba mnamharakisha, na sasa naomba mumcheleweshe. Nisikilizeni kwanza. Viti vyote vya kushikilia viondolewe sebuleni asubuhi. Ngoma ikae kimya, maana ikilia anainuka. Mtu yeyote anayeingia kwetu akae chini papo hapo, kwa sababu mtoto akiona watu wamesimama anaingiwa na tamaa. Paka wa jirani azuiwe. Na kwa kuwa dirisha letu linatazama daraja, na mtoto hushinda akiwaangalia wapita njia, naomba wavukaji wote wa asubuhi wavuke wakiwa wamechuchumaa, ili asijifunze. Si kwa muda mrefu. Ni mpaka nitakapotoka zamu tu. Akionyesha dalili hata hivyo, mama mkwe ambebe. Mama mkwe akichoka, apokewe na mweka hazina, ambaye shughuli za sakafuni ameshazizoea.

Na kama hayo yote ni mazito kwa kamati, basi kuna njia moja iliyobaki, nayo ni rahisi kuliko zote: mniombee kwa meneja wangu niwe naokea mikate nyumbani, na mji mzima uwe unapanda ghorofa ya pili kuichukua.

Naamini Mwenyekiti ataliangalia jambo hili kwa jicho la Mwenyekiti, si la mjomba ambaye nasikia ndiye aliyepiga makofi ya kwanza mama mkwe alipotaja askari wa gwaride. Nisalimie katibu, na filimbi yake ipumzike. Nisalimie magoti ya mweka hazina. Mpe salamu mkaza mjomba, mwambie ile sahani yake naiona, nitairudisha ikiwa na kitu ndani. Mpiga ngoma mpe pole ya jua, na mwambie pale mbele ya duka la viatu hapana kivuli, upande wa pili wa mto kipo kingi. Hata kinyozi nisalimie, kimyakimya, na umwambie mume wangu anakuja.

Ni mimi, kwa heshima na kwa usingizi,
Mama yake Mkurugenzi.

Nyongeza. Barua nilikuwa nimeshaikunja. Kofia ya kalamu ilikuwa imeviringikia chini ya kochi, nami nimekaa sakafuni naipapasa. Nikainua uso. Mkurugenzi ameachia kiti. Hakunyoosha kidole chochote. Alinitazama mimi, akatoa mguu mmoja, akaufikiria, akatoa na wa pili, akayumba, akaja. Alikuja mpaka akaniangukia shingoni. Nilimshika hapo nikalia bila sauti.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute, Mwenyekiti. Tamasha lisiahirishwe hata kwa saa moja. Ngoma ipigwe, watu wasimame, wavuke wima watakavyo, na Jumamosi hii ya tamasha tutakuwa darajani kabla ya vitambaa. Na huyo Msaidizi anaweza kutafutiwa kazi nyingine.

Sasa naomba Mwenyekiti ampe mjomba barua asome mahali hapa. Mjomba, nina siri nakuomba uitunze. Mama mkwe alikuwepo hapo hapo sebuleni na hakuona kitu. Amesinzia kwenye kiti chake, mdomo wazi, kitambaa cha kumfutia mtoto kiko begani. Nilinyoosha mkono kumwamsha nimwambie kwamba safari hii ni mimi niliyeona. Mkono ulipofika begani kwake nikaukuta uso wake karibu, umechoka kama wangu, nikaurudisha. Nimemsimamisha Mkurugenzi kwenye kile kiti anachokishikaga, pale pale anapomwona bibi yake. Akiamka ataona mwenyewe, na atapiga ukelele mtaa mzima usikie kwamba mtoto ametoa hatua ya kwanza. Mimi nitakuja mbio kutoka jikoni. Ndipo nilipo sasa hivi, mjomba, nafanya mazoezi ya kushangaa.